Unyayo Wako, Jina Langu

Gongoni, Tabora
2 Julai 2024

Mdogo wangu Anifa,

Na kile kitambaa wamekikunja wakaondoka nacho, ndiyo nakwambia. Hawakukifua, hawakukikung'uta. Kuluthumu kapita juu yake miguu imepakwa chokaa, nyayo zake zimebaki zimejichora pale kidole kwa kidole, halafu kijana akakizungusha kama mkeka wa msibani akakitia kwenye gari. Nikamwambia shoga yangu, hukuuliza wanakipeleka wapi? Ananijibu walimpa soda.

Sasa tangu lini mtu akachukua unyayo wa mwenzie kwa wema? Wewe umeishi na mama mkwe wetu kama mimi. Alikuwa akitoka kisimani anafuta nyayo zake kwa tawi mpaka mlangoni, na siku ya kikao cha ukoo alikuwa havui ndala. Akisema mchanga wa unyayo ukichotwa, mwenye mguu anaanza kukonda. Bernardo anacheka hapa. Andika kwamba unacheka, Bernardo. Huyu ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ndiye anayeniandikia. Mkatoliki wa Kipalapala, wao wana maji yao ya baraka, hawajali mchanga.

Usishangae Jumapili kwenye simu nilikwambia mambo ni shwari. Simu anaishika Shamila, na nikiongea anaiweka spika, eti mama husikii vizuri. Nasikia vizuri sana. Mkwe wangu simchukii, anapika, anafua, ana adabu. Lakini kila jioni anaongea na Sabiri, na yule mwanangu siku hizi haulizi mama anaendeleaje. Anauliza mama anatembeaje. Nimesikia kwa masikio yangu haya.

Nikueleze vizuri maana nimeanzia katikati. Wamekuja watu wa utafiti, wapo pale shuleni. Wanasema wanataka kujua wanawake wazee wasio na maradhi mwendo wao unabadilikaje umri ukienda. Mtu asome mpaka chuo kikuu, mama yake auze shamba, aje Tabora kuangalia Kuluthumu anatembea. Na kwa nini wazima? Mgonjwa ndiye anatafutwa, mzima anatafutiwa nini? Wanakuvisha mkanda wenye kidude kiunoni, unapita mbele ya kamera, unapita kwenye kitambaa cheusi. Halafu wanakwambia pita tena huku unataja matunda. Kuluthumu, ambaye anaongea mpaka usingizini, alipoambiwa ataje matunda akasimama wima kama mlingoti. Akasema papai, akasimama. Akasema embe, akasimama. Wakaandika.

Na nani kapeleka jina langu? Shamila. Walipokuja nyumbani kuandikisha mimi nilikuwa hapa kwa Bernardo, sikuwaona wala hawakuniona, na sikutoka mpaka walipoondoka. Jina wanalo, sura hawana.

Mimi nimeshapiga hesabu zangu. Sabiri anatafuta neno la daktari. Akipata mtu wa chuo aseme huyu mama miguu imekwisha, ananipakia kwenye basi kwenda kwake Kivule. Unakumbuka nilikwenda mwaka ule nikakaa mfungo mzima. Geti linafungwa kwa kufuli, jirani humjui jina, kutoka kitandani mpaka kwenye kochi, kutoka kochini mpaka chooni, televisheni inaongea peke yake. Nilirudi goti limekaza kama mlango wa masika. Mimi nikikaa nitakufa, Anifa. Sisi ni watoto wa wapagazi, babu yake baba alikwenda pwani na pembe begani akarudi na kaniki, na alipita hapo hapo Tura unapokaa wewe. Halafu mimi nikafie kwenye kochi.

Si kwamba natembea kama zamani. Naenda pole pole kidogo na napenda kupita karibu na ukuta, lakini hiyo ni kwa sababu ya mitaro waliyochimba hapa mtaani.

Basi ndiyo ninachotaka. Zamu ya mtaa wetu ni wiki ijayo. Njoo wewe upite badala yangu. Baibui tunavaa moja, urefu tunalingana, kwa vijana wale kila mwanamke mwenye mikunjo ni bibi. Wewe unachota maji, unafuata mbuzi, unatembea kama askari. Watasema Bi Zabibu mzima kama chuma, Sabiri atakosa la kusema. Na kile kitambaa wakichukue tu, unyayo utakuwa wako, jina litakuwa langu. Mwenye nia mbaya aanzie wapi? Akimroga Zabibu, mguu si wake. Akiuroga mguu, jina halimjui.

Yahaya muuza karanga ndiye ataleta barua hii, anashuka kwenye treni hapo Tura. Usimpe jibu la mdomo, ana maneno.

Dada yako,
Zabibu


Tura
6 Julai 2024

Shikamoo dada,

Barua nimeipata. Naandika mwenyewe, kisomo cha watu wazima kilinisaidia hata kama wewe ulikuwa unatoroka kwenda kuuza vitumbua. Usamehe mwandiko.

Kwanza nimecheka. Marehemu Idrisa alituoa wawili akasema hatufanani hata kucha. Leo umekuja kuona tunafanana.

Pili, mimi si miguu ya kukodi. Nina mbuzi, nina karanga hazijamenywa, nina michembe ya viazi juani na kuku wa jirani hawana aibu. Mambo ya kuja mjini kudanganya watoto wa watu yananikalia vibaya.

Nataka nikuulize. Hao watu wakishaona mtu anavyotembea, wanamwambia? Au wanaondoka na siri yao? Na wakiona kitu wanamwita nani, yeye mwenyewe au watoto wake? Muulize Kuluthumu vizuri, ukipata jibu niandikie kwa kifupi, mimi nitaelewa.

Sabiri usimwazie mabaya kabla. Huyo nimemnyonyesha mimi ulipolazwa. Akiwa mdogo alikuwa analia mbuzi wakichinjwa.

Nitaangalia. Nikija nitakuja na treni, uje stesheni mwenyewe unipokee, na uje na mtu wa kubeba. Nitakuwa na mizigo.

Abasi mwanangu yupo Kahama, hajambo, ana mambo yake. Asijue kama nimekuja.

Wako,
Anifa binti Kashindye


Gongoni, Tabora
19 Julai 2024

Anifa,

Leo sikusalimii.

Nimekaa hapa kwa Bernardo tangu asubuhi nashindwa pa kuanzia, mpaka ameshona suruali nzima. Nianzie kwako. Nilikupokea stesheni, nikajiuliza mzigo uko wapi, umekuja na kifuko cha karanga tu na unamshika kijana wa mkokoteni begani kama bibi harusi. Nikasema kachoka na treni. Nikakupikia kuku. Ukalala chumba kile kile cha zamani, tukacheka mpaka Shamila akagonga ukuta. Nilidhani nina ndugu.

Asubuhi nikakusindikiza shuleni, mimi nikakaa dirishani na wanaotazama. Wakaita Bi Zabibu, ukaitika vizuri. Wakakupaka chokaa. Anifa, mimi nina macho. Ulipopita mara ya kwanza nikaona mguu wa kushoto unakuja nyuma, unafuta. Nikasema moyoni anafanya mzaha, atanyooka. Ukapita mara ya pili, ukafuta tena. Walipokwambia utaje matunda ukataja mawili, ukashika meza. Nikakufanyia ishara dirishani, hukunitazama. Njiani nikakuuliza mbona vile, ukaniambia chokaa inateleza, na jioni ukasema una haraka na mbuzi.

Sasa sikia kilichotokea. Yule dada wao wa utafiti, Consolatha, amekuja nyumbani juzi. Mimi nilikuwa nimetoka, namshukuru Mungu. Amemwambia Shamila kwamba Bi Zabibu hawezi kuhesabiwa na wazima. Mguu wa kushoto unaburuza, kitambaa kimeonyesha mstari kama wa nyoka, apelekwe hospitali. Shamila akalia. Akampigia Sabiri, Sabiri naye nadhani akalia, kisha akakata tiketi. Anafika Ijumaa. Anakuja kunichukua.

Kwa hiyo umenimaliza. Nilikuita unisimamishe, umeniangusha kwa miguu miwili. Umefanya makusudi, na nimekaa nimepanga moja juu ya moja nimeona kwa nini. Abasi alipopita hapa baada ya Idd aliuliza vyumba vya uani vina nani. Nikamwambia vina kuni. Akasema, kumbe. Mtu hasemi kumbe bure. Mimi nikipelekwa Kivule nyumba inabaki na nani? Shamila anamfuata mumewe, kufuli haliwezi kukaa peke yake, mtoto wa marehemu anaingia na kitanda chake, halafu nyuma anakuja mama yake na mbuzi. Na ulivyouliza kwenye barua, wakiona kitu wanamwita nani, yeye au watoto wake. Nilidhani unaniogopea. Kumbe ulikuwa unapima.

Bernardo anasema niache hiyo sehemu. Nimemwambia ashone au aandike, achague moja.

Miaka yote tuliyokaa nyumba moja hukunifanyia hivi, wakati tulikuwa na mume wa kugombania. Ndiyo leo, hakuna mume.

Nijibu. Kama hujibu nitajua ni kweli.

Zabibu


Tura
23 Julai 2024

Shikamoo dada,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana siku hizi nakaa sana.

Abasi aliuliza vyumba vya uani kwa sababu anatafuta pa kuweka magunia ya mpunga. Muulize. Nyumba ya Gongoni siitaki, dari inavuja na wewe unakoroma.

Sikuburuza makusudi. Nilikuwa najitahidi nisiburuze.

Mfungo uliopita, siku moja nimemaliza daku, nilitoka kwenda kumwaga maji nikajikuta chini. Hakuna kilichonipiga. Nilikaa pale na kuku wananizunguka mpaka jua likatoka, mkono hautaki kushika, mdomo mzito. Baadaye mkono ukarudi, mdomo ukarudi. Mguu umerudi nusu. Maji nachotewa na mtoto wa jirani, mbuzi amewachukua Damas wa hapa kijijini awachunge pamoja na wake. Kwenye simu na wewe nilikuwa nakwambia niko shambani. Nilikuwa kwenye kiti.

Sikusema kwa sababu ile ile inayokufanya wewe upitie ukutani. Abasi akisikia ananibeba. Kahama nyumba yake ina vyumba viwili na mke ambaye hapendi harufu ya ugoro. Hapa nina mlango wangu, napiga kelele kwa mbuzi wa mtu na wananisikia. Ulivyosema kuhusu kochi nilisoma mara nyingi.

Barua yako ilipokuja nikaona njia. Kupima nataka, kujulikana sitaki. Nikasema nitapita kwa jina lako, wale watoto waniambie mguu una nini, nirudi Tura nikijua na hakuna aliyejua. Sikufikiria kwamba wataona na kumfuata mwenye jina. Nilidhani wakiona kitu watanong'ona na mimi pale pale. Hawakuninong'oneza. Walinipa soda.

Na mara ya pili niliona ishara zako dirishani. Nilikuwa siwezi kukuangalia na kutembea kwa pamoja.

Sasa kamba iko kwako. Ukisema mguu ni wangu, Sabiri atakuacha. Lakini Sabiri na Abasi ni ndugu, wataongea kabla ya jua kuzama, na mimi nitapakiwa. Sikukatazi. Nakwambia tu ujue unachokishika.

Kuku nilikula vizuri. Ulipika vizuri.

Anifa


Gongoni, Tabora
27 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya shikamoo ya barua iliyopita ambayo sikuiitikia. Andika hivyo, Bernardo, na usinitazame.

Barua yako alinisomea yeye, akafika kwenye kuku wanaokuzunguka akasimama, akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari mdomoni, yakanirudi. Jua lilikuchomozea chini, Anifa, na mimi asubuhi ile ile labda nilikuwa nalalamika chai haina tangawizi. Ungenipigia. Lakini ungenipigiaje, simu ya spika.

Sasa nikwambie nilichofanya, na usinicheke. Sabiri alifika jana. Kanenepa, ana mvi, kaniletea mkate laini ule usio na ladha wanaowapa wasio na meno. Mimi meno ninayo. Alipoingia tu nikaona anatazama miguu yangu kabla ya uso. Nikajiambia, nikitembea vizuri atauliza, mbona kitambaa kimesema vingine? Na mimi uongo wangu ukibanwa unatoka wote. Basi nikainuka, nikaburuza wa kushoto. Nimeburuza kutoka chumbani mpaka sebuleni. Nimeburuza kwenda chooni. Shamila ananishika kiuno anasema pole mama, nami nasema nimeshapoa. Usiku goti la kulia ambalo halikuwa na neno likaanza kuuma kwa kubeba uzito. Sijui wewe unawezaje. Nimeburuza siku moja tu nimechoka kama nimelima.

Kwa hiyo mpango ulikuwa huo, niende Kivule mimi, ubaki Tura wewe. Nilishaanza kukunja khanga.

Lakini usiku wanaongea sebuleni, wanashusha sauti mpaka nikadhani wananipanga kama gunia. Nikasogea mlangoni nikasikiliza. Sabiri anamuuliza Shamila, hivi mama anaongea sawa? Mdomo haujapinda? Anakumbuka kula? Shamila anajibu anakula kuliko mimi. Nikajiuliza, kwa nini wanauliza mdomo? Mguu na mdomo wapi na wapi? Na wewe uliniandikia mdomo mzito.

Sikulala. Asubuhi nikajitanda mpaka puani, nikawaambia naenda kukaa kwa Bernardo, nikaburuza mpaka kona. Baada ya kona nikatembea mpaka shuleni. Consolatha alikuwa anafungasha mikanda yake. Nikamwambia mimi ni jirani wa Bi Zabibu, nimemuona mguu wake, na mimi wa kwangu umefupika, siku hizi naenda kwa hatua ndogo na nikiongea na mtu njiani lazima nisimame, je na mimi nahesabiwa mgonjwa? Nilikuwa namtegea. Akaniambia tembea, bibi, nikuone. Nikatembea, kwa miguu yangu hii, bila chokaa. Akasema hatua zikifupika pole pole, miguu yote miwili ikapungua kasi pamoja, ukatazama chini zaidi ya zamani, ukapenda kushika ukuta, huo ni umri, na wewe umri wako unautembelea vizuri. Akasema wamekuja kwa ajili ya hiyo hiyo, wajue umri peke yake unafanya nini, ili mtu akileta kingine wakitambue. Mguu mmoja ukibaki nyuma ghafla, mwingine ukaendelea, huo si umri.

Nikamuuliza, ni nini basi? Kwa sauti ya umbea, kama hainihusu. Akasema inaweza kuwa mshipa wa kichwani uliziba, au presha, hospitali ndiyo wataona. Akasema zipo dawa. Akasema kingine tena, alinishika mkono akakisema pole pole. Mara ya kwanza mwili ukirudi nusu, ni kama mtu kabisha hodi. Akirudi habishi. Huyo jirani yako asingoje wiki, bibi, mwambie aje.

Nimemuuliza na kitambaa. Akanionyesha vimekunjwa kwenye sanduku, kila kimoja na jina. Nimekiona chako, kimeandikwa Zabibu, yaani Consolatha alinisomea. Anasema wanavipiga picha halafu wanavifua. Sijamwamini sana. Nimemwambia hicho akifue nikiwepo, akacheka, akakifua kwenye beseni mbele yangu, maji yakawa meupe. Maji nimeyamwaga mwenyewe mahali ambapo hapapitwi.

Sasa nimekaa hapa kwa Bernardo nawaza, na ninachowaza hutakipenda. Nikinyamaza, unabaki na mlango wako mpaka siku mtoto wa jirani atakapoleta maji akakuta kuku wanakuzunguka. Mimi nitakuwa kwenye kochi Kivule, nitaambiwa kwa simu, tena kwa spika. Nikisema, utapakiwa, na hutaniita dada tena. Nimeigeuza pande zote kama chapati. Nimekuwa namshuku Sabiri, nimemshuku Shamila, Abasi na magunia yake, wewe, yule binti na beseni lake. Sijawashuku wale kuku. Wale ndio walikuwa wanajua.

Kahama hutakwenda. Hilo nitapigana nalo. Vyumba vya uani nitatoa kuni, Abasi aweke mpunga wake kimoja, wewe ulale kingine, karibu na hospitali na karibu na mdomo wangu. Mbuzi walete wawili, si zaidi, Shamila ana maua. Asubuhi tutatoka tutembee mpaka sokoni, wewe na mguu wako, mimi na ukuta wangu, na tukitaka kuongea tutasimama. Utakaponuna, nuna ukiwa hapa. Nitakupikia hata ukiwa umeninunia, tulishaishi hivyo.

Bernardo anasema nisitume barua, nipige simu Tura kwa Damas akupandishe treni ya kesho. Nimemwambia apige yeye, na barua atume pia, maana simu haielezi kwa nini. Kwa nini ni kwamba

Subiri, Bernardo, nani huyo. Ni Sabiri, yupo barazani kwetu ng'ambo, ananiita mama njoo, bajaji ya hospitali imefika. Amenyoosha mikono, anataka kuja kunivusha. Mwambie abaki hapo hapo.

Naitika, mwanangu, nakuja.

Shika kikombe hiki, Bernardo. Navuka sasa, na sitaburuza. Akiniona ataniuliza mguu ulikuwa wa nani, na mimi nitamwambia.